Ufa Utapita Wapi? Mjadala juu ya mpira wa nyonga

Mpira wa nyonga bandia unaenea kiganjani. Mingi ina kipenyo cha milimita 28, 32 au 36. Daktari wa mifupa huupachika juu ya shina la metali lililozamishwa ndani ya mfupa wa paja, jeraha linafungwa, na baada ya wiki kadhaa mwenye nyonga anarudi sokoni, kazini, msikitini au kanisani. Kwa mwaka mmoja mguu huo utapiga hatua zinazokaribia milioni au kuzidi. Katika kila hatua kiungo kinabeba uzito wa mwili mara mbili na nusu hadi tatu. Mtu akijikwaa, mzigo unapanda maradufu. Mpira wa metali ukizidiwa unabonyea. Wa seramiki haubonyei: ama mzima, ama vipande.

Daktari Mfaransa Pierre Boutin ndiye aliyetangulia kuweka mwilini nyonga ya seramiki iitwayo alumina, mwaka 1970, huko Pau. Tangu hapo wanaozitengeneza seramiki hizi wamegawanyika juu ya swali moja: ukitaka seramiki isivunjike, uiondolee kasoro, au uipange ndani iweze kuishi nazo?

Sauti zinazofuata nimezipanga mimi. Fundi amezeekea kwenye tanuri. Mwalimu, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake, anafundisha sayansi ya mata chuo kikuu. Daktari anapasua nyonga na hana upande, ila ana wagonjwa. Na mimi nimejiachia nafasi ya kudakia.

FUNDI: Nianze na hesabu, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Griffith, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Farnborough, alionyesha mwaka 1921 kwamba kioo hakivunjiki kwa sababu mata yake ni dhaifu. Kinavunjika kwa sababu kina mikwaruzo na nyufa ndogo, na mzigo wote unajazana kwenye ncha ya ufa. Kwa hiyo nguvu ya kipande inategemea mambo mawili tu: ustahimilivu, yaani jinsi mata inavyoukatalia ufa kusonga, na ukubwa wa kasoro mbaya kuliko zote iliyomo ndani. Chukua alumina ya kawaida. Ustahimilivu wake ni kama 4.

DAKTARI: Nne ya nini?

FUNDI: Kipimo chenyewe kina jina refu, megapaskali mara kipeuo cha pili cha mita, tusipoteze muda nacho. Kioo ni chini ya 1, alumina 4, chuma cha pua kinavuka 50 bila taabu. Sasa, alumina hiyo ya 4 ikivunjika kwa megapaskali 400, ukipiga hesabu unapata kasoro ya maikromita 30 hivi. Nusu ya unene wa unywele, au pungufu. Unataka nguvu iwe mara mbili? Njia ni mbili. Uongeze ustahimilivu mara mbili, au upunguze kasoro hadi robo. Mimi nasema robo, maana kasoro najua inakotoka.

DAKTARI: Inatoka wapi, Mzee?

FUNDI: Kwenye unga. Unga wetu ni laini mno, punje zake hazifiki maikromita moja, na unga laini hushikana madonge. Donge likiingia tanurini linasinyaa kwa mwendo wake, jirani zake kwa mwendo wao, pembeni unabaki upenyo. Upenyo huo ndio utakaomwangusha mgonjwa wako. Mwaka 1987 Alford, Birchall na Kendall wa kampuni ya ICI kule Uingereza waliichukua alumina, wakaichanganya na polima, wakaikanda kwa nguvu hadi madonge yakasambaratika. Nguvu ikakaribia megapaskali 1000. Hawakugusa kemia ya alumina hata kidogo. Waliondoa madonge.

MWALIMU: Hesabu naikubali, Mzee, na kazi ya ICI naifundisha kila mwaka. Lakini unazungumza kana kwamba kasoro zote zinazaliwa kwako kiwandani. Weibull alituonyesha mwaka 1939 kwamba nguvu ya kitu kinachovunjika ghafla si nambari moja, ni mtawanyiko. Vipande 100 vya fungu moja vina nguvu 100 tofauti, kwa sababu kila kimoja kina kasoro yake kubwa. Wewe unafurahia wastani. Mgonjwa anavunjikiwa na kile cha mkiani. Halafu kipande kikishatoka mikononi mwako, nani anakulindia robo yako?

DAKTARI: Hapo niseme neno. Chumba cha upasuaji si maabara. Mpira unakaa juu ya koni ya metali iliyo kichwani mwa shina. Pakibaki chembe ya mfupa au damu iliyoganda kati ya koni na mpira, mpira hauketi sawa, mzigo unakusanyika upande mmoja. Koni ikiwa imekwaruzwa, vilevile. Na hayo yanatokea kwa madaktari wazuri.

MWALIMU: Ndiyo maana nauamini ustahimilivu. Hauulizi kasoro imetoka kiwandani au imetoka kwa Daktari. Ufa ukija, punje ziupokee.

FUNDI: Punje ziupokee vipi? Punje hazina mikono.

MWALIMU: Zirkonia, seramiki nyingine, inayo, karibu.

Hapa nadakia kabla Mwalimu hajakimbia mbele. Ukiikata seramiki, ukaisugua ing'ae na kuiweka chini ya darubini ya elektroni, huoni kitu kimoja kizima. Unaona punje zilizobanana, kila moja ni fuwele yenye mwelekeo wake, na kati yake mipaka. Ukubwa wa punje, umbo lake, kilichojificha mipakani, vitundu vilivyosalia, punje za mata ya pili zilizochanganywa humo: hayo yote kwa pamoja ndiyo muundo wa ndani. Alumina mbili zinaweza kuwa na kemia ileile, moja ikabeba mara mbili ya mwenzake. Wafinyanzi wa vyungu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakicheza na muundo huu bila darubini: wanachanganya mchanga au vigae vilivyosagwa kwenye udongo, chungu kinapungua nguvu kidogo lakini kinastahimili moto, kwa sababu ufa mdogo ukianza unakwama kwenye kipande cha kwanza unachokutana nacho. Chungu hicho ni seramiki mseto, na motoni kinashinda kilichofinyangwa kwa udongo safi mtupu. Nasema hivi nikijua Fundi atakasirika.

FUNDI: Sikasiriki. Nyonga si chungu.

MWALIMU: Basi zirkonia. Zirkonia tupu ina maumbo matatu ya fuwele kutegemea joto. Chini ya digrii 1170 ni monokliniki, juu ya hapo tetragonali, na juu ya 2370 ni kubiki. Ikipoa na kurudi monokliniki inavimba, kama asilimia 4 ya ujazo, ndiyo sababu kipande cha zirkonia tupu kikitoka tanurini kinapasuka chenyewe. Kwa miaka mingi watu waliuona uvimbe huo kuwa balaa. Mwaka 1975 Garvie, Hannink na Pascoe, Australia, wakaugeuza silaha. Makala yao kwenye jarida la Nature iliuliza kama tumepata chuma cha seramiki.

DAKTARI: Waliugeuzaje?

MWALIMU: Unatia oksidi nyingine kidogo, siku hizi zaidi itria, moli 3 kwa 100, na unaziweka punje ziwe ndogo. Punje ya tetragonali inapoa hadi joto la chumba bila kugeuka. Inataka kugeuka, ila jirani zake wameibana. Sasa ufa unakuja. Kwenye ncha ya ufa mata inavutwa, ule mbano unalegea, punje zilizo karibu zinageuka monokliniki palepale, zinavimba, na uvimbe unaubana ufa ujifunge. Ufa unazalisha wenyewe kitu kinachouzuia. Ustahimilivu unapanda kutoka 3 au 4 ya alumina hadi 5, 6, wakati mwingine 10. Na nguvu inavuka megapaskali 1000. Huo ndio mkono wa punje, Mzee.

FUNDI: Na ndio mkono uliowapiga wagonjwa. Simulia na 2001.

MWALIMU: Nitasimulia.

FUNDI: Hapana, nitasimulia mimi, maana ni habari ya tanuri. Miaka ya 1990 mipira ya zirkonia ilikuwa ndiyo mtindo. Nguvu zaidi ya alumina, ungeweza kutengeneza kipenyo kidogo. Mtengenezaji mkubwa wa Ufaransa alikuwa anachoma kwa mafungu: unapanga, unafunga, unapandisha joto, unashusha, unafungua. Mwaka 1998 akahamia tanuri la handaki, mzigo unapita polepole kutoka mdomo hadi mdomo bila kusimama. Kemia ileile. Unga uleule. Kisha mipira ikaanza kuvunjika miilini, si mmoja mmoja, mamia, ndani ya muda mfupi, na mingi ni ya mafungu ya tanuri jipya. Agosti 2001 ikaondolewa sokoni. Ile ya tanuri la zamani ilikuwa na rekodi nzuri. Badiliko la uchomaji, basi.

DAKTARI: Nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Tuliambiwa zirkonia ni mbaya, tusiiguse.

MWALIMU: Mliambiwa vibaya, Daktari, samahani. Mwaka 1981 Kobayashi na wenzake Japani walishaonyesha kwamba zirkonia yenye itria ikikaa kwenye joto la digrii mia mbili hivi inageuka polepole kuanzia usoni. Maji ndiyo mchochezi. Molekuli ya maji inaingia kwenye punje iliyo juu kabisa, punje inageuka, inavimba, inamsukuma jirani, panatokea vijiufa kwenye mipaka, maji yanapita kwenye vijiufa hivyo na kumfikia anayefuata. Hakuna mzigo wowote hapo, ni maji na subira. Kwa digrii 37 mwilini inachukua miaka. Kwa mvuke wa digrii 134, saa moja inakadiriwa kuwa sawa na miaka 3 hadi 4 ya mwilini.

DAKTARI: Digrii 134 ni otoklevu yangu.

MWALIMU: Ndiyo. Mwaka 1997 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya hospitali zisiichemshe kwa mvuke tena mipira ya zirkonia.

DAKTARI: Sisi tunachemsha kila kitu. Boksi likifunguliwa na mpira usitumike, unadhani unatupwa? Mpira mmoja ni mshahara wa mtu wa miezi.

FUNDI: Unaona sasa. Mwalimu amejenga mlinzi ndani ya seramiki, mlinzi anageukia maji. Alumina yangu iloweke baharini mpaka ichoke.

Hoja hii ya Fundi ni nzito kuliko anavyoisema, na kwenye vitabu vingi inapitwa haraka. Ustahimilivu wa zirkonia na kuzeeka kwake si mambo mawili yanayokaa pamoja kwa bahati mbaya. Ni jambo lilelile. Punje iliyo tayari kugeuka ufa unapofika ni punje iliyo tayari kugeuka maji yanapofika. Ukiituliza zaidi kwa itria nyingi, haizeeki, wala haikusaidii. Ukiiacha na wasiwasi zaidi, inakusaidia sana mwaka wa kwanza. Nafasi ya kucheza ni nyembamba, na inapimwa kwa sehemu za maikromita: kwa zirkonia ya itria ya moli 3, punje za 0.3 hadi 0.5 hivi. Zikiwa ndogo mno, zinanyamaza hata ufa ukipita. Zikiwa kubwa mno, zinageuka kwa sababu yoyote. Pandisha tanuri kutoka digrii 1400 hadi 1550, au chelewesha mzigo saa kadhaa kwenye kilele, na punje zitanenepa hadi zitoke nje ya nafasi hiyo. Punguza joto mno, vitundu havizibi, na maji yamepata mlango. Anayebadilisha tanuri amebadilisha mata, hata kama karatasi ya kemia haikubadilika hata nukta.

MWALIMU: Kwa hiyo Mzee, jawabu halikuwa kuitupa zirkonia. Jawabu lilikuwa kuitenganisha. Mwaka 1976, mwaka mmoja tu baada ya Australia, Claussen wa Ujerumani alishatia punje za zirkonia ndani ya alumina. Weka alumina iwe mwili, zirkonia iwe punje zilizotawanyika humo. Alumina ni ngumu, haikunjiki, inazibana punje zisigeuke ovyo. Na punje zenyewe hazigusani. Moja ikigeuka usoni kwa sababu ya maji, inasukuma alumina, alumina haimpelekei mtu habari. Ugonjwa haupati wa kumwambukiza.

DAKTARI: Asilimia ngapi?

MWALIMU: Kwa hesabu za mtandao wa mgusano, mpaka uko karibu na asilimia 16 za ujazo. Chini ya hapo hakuna njia ya punje kwa punje inayovuka kipande kizima. Juu ya hapo njia inaanza kufunguka.

FUNDI: Na ule mpira wa waridi unaouzwa dunia nzima, wa Wajerumani wa CeramTec, una ngapi?

MWALIMU: Kama 17.

FUNDI: Kumi na saba.

MWALIMU: Mzee, unacheka bure. Mpaka wa hesabu unadhani punje zimemwagwa bila mpangilio. Na ndani ya mpira huo hamna alumina na zirkonia peke yake. Kuna kromia kidogo, ndiyo inayoupa rangi ya waridi. Kuna strontia inayojenga vibapa virefu wakati wa kuchoma, hadi maikromita 3 hivi. Ufa ukikutana na kibapa, hauna budi kuzunguka au kukivunja. Kwa hiyo umeweka vizuizi viwili vya ukubwa tofauti, punje za zirkonia kwa karibu, vibapa kwa mbali kidogo. Alumina ya awali ya kampuni hiyo ilikuwa na nguvu ya megapaskali 600 na kitu, ustahimilivu 3 na kitu. Hii inafika kama 1400 na 6.5. Zote mbili zimepanda kwa pamoja.

FUNDI: Mipira iliyotolewa miilini imechunguzwa. Punje kadhaa usoni zimegeuka.

MWALIMU: Kadhaa, usoni, pale inaposuguana zaidi. Na haivunjiki. Mipira hiyo imewekwa kwa mamilioni na inayovunjika ni michache mno.

DAKTARI: Hilo nakubaliana nalo, na niwaambie kwa nini linanihusu kuliko nambari zenu. Mpira wa seramiki ukipasuka mwilini, vipande ni vikali kama vioo, vinajificha kwenye nyama. Siwezi kuvitoa vyote. Nikiweka mpira wa metali badala yake, vile vipande vilivyobaki vinausaga hadi mgonjwa anatembea na unga wa metali ndani ya nyonga. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza mara nyingi. Kwa hiyo mmoja kati ya maelfu kwangu si takwimu.

FUNDI: Tena nikuulize, Daktari. Ni kweli nyonga hizi zinalia?

DAKTARI: Zingine zinalia, ndiyo, seramiki juu ya seramiki. Mgonjwa akiinama inapiga kelele kama mlango. Kwa hilo siwezi kuulaumu muundo wa ndani, mara nyingi ni jinsi kikombe unamozungukia mpira kilivyowekwa. Tuendelee.

MWALIMU: Niwapeleke mbali zaidi basi, kwa chaza. Lile ganda la ndani linalong'aa kwenye chaza ni asilimia 95 hivi ya madini ya aragoniti, madini yanayovunjika kama chaki. Lakini yamepangwa vibapa vyembamba vya nusu maikromita, safu juu ya safu, na kati yake utando mwembamba wa protini. Ufa hauwezi kwenda moja kwa moja. Mwaka 2014 Bouville, Deville na wenzao Ufaransa walitengeneza alumina ya namna hiyo bila protini yoyote. Waliugandisha mchanganyiko wa maji na vibapa vya alumina. Barafu inapokua inavisukuma vibapa na kuvilaza sambamba, kisha barafu ikaondolewa, na vibapa vikachomwa kwa mgandamizo. Asilimia zaidi ya 98 ni seramiki tupu. Nguvu megapaskali 470. Ustahimilivu 22.

DAKTARI: Ishirini na mbili? Kutoka 4?

FUNDI: Daktari, usiununue bado. Mwalimu, waambie 22 imepimwa wapi.

MWALIMU: Baada ya ufa kusafiri kidogo.

FUNDI: Na mwanzoni, pale ufa unapoamka?

MWALIMU: Kama 6.

FUNDI: Hapo ndipo tunapoachana, mwanangu. Seramiki zenu hizi zinaukatalia ufa zaidi kadiri ufa unavyokua. Vizuri sana kwa kitu kikubwa, bamba la tanuri, sahani ya kuzuia risasi. Lakini mimi natengeneza mpira wa milimita 28 wenye shimo la koni katikati. Ukuta wake una milimita chache. Ufa ukishasafiri milimita nzima ili ufikie ishirini na mbili yako, mimi sina tena ukuta. Kwangu inayohesabika ni ile 6 ya mwanzo. Tena ona nguvu: 470. Alumina ya kawaida ya kiwanda changu inafika hapo bila barafu.

Nakiri sikumpa Mwalimu jibu la haraka hapa, kwa sababu sidhani lipo. Hili ndilo fundo la fani nzima. Kinachouzuia ufa mrefu ni vitu vikubwa: vibapa virefu, nyuzi, safu, mipaka dhaifu inayoupotosha ufa uache njia yake. Na kitu kikubwa ndani ya seramiki, ukikitazama kwa jicho la Griffith, ni kasoro. Silikoni nitridi ni mfano mzuri kwa wanaojua magari. Unapoichoma, glasi kidogo iliyoyeyuka mipakani inaziacha punje zikue kama sindano ndefu. Sindano zinashikilia kingo za ufa, ustahimilivu unapanda kutoka 3 hadi 6 au 8, na mwaka 1985 Nissan waliweka rota ya turbo ya seramiki hiyo kwenye gari la kuuza. Ila sindano mbili tatu zikikua kupita nyingine, kipande kinaanza kuvunjikia pale pale kwenye sindano. Zirkonia nayo haikuponea hapo: Swain na Rose walionyesha mwaka 1986 kwamba ukiusukuma ustahimilivu wake kupita kiasi, nguvu inaanza kushuka, kwa sababu punje zinageuka kabla hata ufa haujaonekana, na hapo kugeuka kwenyewe ndiko kunakoamua ni mzigo gani kipande kitabeba.

Kuna waliochagua ufa mrefu bila kuomba radhi. Clegg na wenzake mwaka 1990 walipanga karatasi nyembamba za silikoni kabidi na kati yake grafiti dhaifu. Ufa ulifika kwenye grafiti ukakata kona, na kazi ya kukivunja kipande ikapanda zaidi ya mara 100. Na injini za ndege za LEAP, ambazo za kwanza zilianza kusafirisha abiria mwaka 2016 na ambazo sasa zimo pia kwenye Boeing 737 MAX 9 za Air Tanzania, zina bitana ya silikoni kabidi yenye nyuzi za silikoni kabidi kuzunguka turbini yenye moto mkali, kila uzi umepakwa boroni nitridi nyembamba ili ufa uteleze kando ya uzi badala ya kuukata. Mtu wa usafi wa unga angeona mpako huo dhaifu kama uchafu. Wahandisi wa injini wanaulipia.

DAKTARI: Kwa hiyo nani amewashinda wengine? Mimi nataka kujua ninunue nini.

FUNDI: Inategemea unachoweza kukikagua. Kipande kidogo, kinachopita mikononi mwangu kimoja kimoja: niachie niondoe kasoro. Na kila mpira unabanwa kwa mzigo mkubwa kabla haujafungashwa. Iliyo dhaifu inavunjikia kwangu, siyo kwako.

MWALIMU: Ubanaji huo unaona kasoro ya leo. Hauoni kuzeeka. Mpira wa 1999 ungeweza kupita kwenye kibano chako na bado ukageuka ndani ya miaka miwili.

FUNDI: Hilo kweli.

MWALIMU: Na kasoro ya Daktari, ile chembe ya mfupa kwenye koni, hauioni pia.

FUNDI: Na hilo kweli. Lakini nawe kubali, kila kizuizi ulichokiweka kina ukubwa wake, na ukubwa huo unatoka kwangu. Punje yako ya 0.4 ni digrii zangu na saa zangu. Ukiniambia asilimia 17 za zirkonia, nakuuliza madonge. Punje kumi za zirkonia zilizoshikana hazina tofauti na punje moja ya ukubwa wa kumi. Zitageuka pamoja, na umepata tena kasoro ya maikromita kadhaa, safari hii yenye kuvimba.

MWALIMU: Sijawahi kulipinga hilo.

FUNDI: Hukulisema pia.

Kama kura ni yangu, kwa nyonga namchagua Mwalimu kwa mchanganyiko wake, alumina yenye zirkonia kidogo, na simkubalii chaza wake. Na namchagua Fundi kuwa ndiye wa kuuchoma. Inanishangaza kwamba bado tunauziwa vitu hivi kwa jina la mata: alumina, zirkonia, mseto. Jina la mata halikueleza chochote kuhusu mwaka 2001. Mafungu ya tanuri la zamani na mafungu ya tanuri la handaki yalikuwa na jina moja.

DAKTARI: Basi niambieni karatasi gani nimwombe muuzaji. Kwa Kiswahili cha kueleweka, maana nitakaa na mtu wa manunuzi.

FUNDI: Kumbukumbu ya joto ya fungu lako. Si ya aina ya bidhaa, ya fungu. Lilipanda hadi ngapi, likakaa saa ngapi, likashuka vipi, na kama tanuri limebadilishwa tangu majaribio ya mwanzo.

MWALIMU: Na jaribio la mvuke, digrii 134, saa 5. Kabla na baada, asilimia ngapi ya zirkonia imegeuka monokliniki. Na picha ya punje.

DAKTARI: Picha wananipa tayari. Nzuri sana, zinang'aa.

MWALIMU: Za uso wa nje uliosuguliwa. Uombe ya ndani ya shimo la koni. Mpira hausuguliwi humo vilevile, na mzigo wa kuupasua unaanzia humo.

FUNDI: Koni, ndiyo. Hapo umesema.

DAKTARI: Na kama hana picha ya koni?

FUNDI: Akate mmoja. Mmoja kwa kila fungu, haumfilisi.

MWALIMU: Miwili. Mmoja kabla ya mvuke, mmoja baada.

FUNDI: Wa pili atalipia nani?